Mrushaji wa Mobile na Haki Iliyokawia

Siku ya Jumamosi, wanawake wa Kikisi wanapowasili kwa mitumbwi kutoka Ikombe na kupanga vyungu vyao juu ya mchanga wa Lyulilo, watoto wa ufukweni huwa na shughuli yao nyingine. Huokota vijiwe bapa, wakasimama mahali milima ya Livingstone inapoteremkia majini, wakashindana kuvirusha juu ya uso wa Ziwa Nyasa. Mshindi ni yule ambaye kijiwe chake kitadunda mara nyingi zaidi kabla ya kuzama. Hakuna mwamuzi, hakuna kombe, wala hakuna afisa wa michezo anayeandika jina la mtu. Jua likichwa kila mmoja hurudi kwao, na mkono uliofanya maajabu asubuhi hushika jembe kesho yake katika shamba la mpunga.

Tumeanza na watoto hao kwa sababu leo tunakusudia kumkumbuka mtu ambaye naye alianza kwa kurusha mawe. Hakuwa wa Lyulilo, wala hakuwa wa Afrika Mashariki, bali alikuwa mjukuu wa Afrika kwa damu na kwa mateso. Jina lake ni Leroy Paige, ambaye ulimwengu wa michezo ulimjua kwa jina la Satchel, yaani Mkoba. Alifariki dunia tarehe 8 Juni, 1982, katika mji wa Kansas City nchini Marekani. Maisha yake yana mafunzo kwa ndugu zetu wa visiwani na wa pembezoni, na zaidi kwa watumishi wa Serikali waliokabidhiwa dhamana ya kuwaona watu wasioonekana.

Paige alizaliwa tarehe 7 Julai, 1906, katika mji wa bandari wa Mobile, jimbo la Alabama. Baba yake alikuwa mtunza bustani, na mama yake alifua nguo za watu. Watoto walikuwa wengi na chakula kilikuwa haba. Angali mdogo alikwenda kwenye stesheni ya gari moshi kuwabebea abiria mizigo yao kwa senti chache, na huko ndiko inakosemwa lilikozaliwa jina la Mkoba. Shule hakuipenda. Mwezi Julai, 1918, kwa kosa la utoro na udokozi, alipelekwa katika shule ya kurekebisha tabia ya watoto weusi huko Mount Meigs, akiwa na miaka kumi na miwili tu. Alikaa humo zaidi ya miaka mitano.

Ni ajabu ya dunia kwamba mahali palipokusudiwa kuwa adhabu ndipo alipopata mwalimu. Shuleni humo alikuwamo mtu aliyeitwa Edward Byrd, ambaye aliuona mkono wa kijana huyo akatambua kwamba haukustahili kupotelea katika kutupa mawe. Alimfundisha kuinua mguu juu kabla ya kurusha, ili mpigaji asione mpira unakotokea, na alimfundisha kumsoma mpinzani kabla ya kumkabili. Mwalimu huyo hakuwa mtu wa cheo kikubwa. Alikuwa mtu aliyetazama, akaona, akachukua hatua.

Kwa faida ya wasomaji wetu wasioujua, mchezo wenyewe ni besiboli. Waliocheza rede katika viwanja vya shule, au nage kule Unguja na Pemba, hawatapata taabu kuuelewa. Mtu mmoja, mrushaji, husimama katikati ya uwanja na kumrushia mpira mpigaji aliyeshika gongo. Mpigaji akiupiga vyema hukimbia kutoka kituo hadi kituo, na akivizunguka vituo vyote vinne akarudi alikoanzia timu yake hupata bao. Akiukosa mara tatu hutoka. Wakitoka watatu, zamu ya timu hiyo imekwisha, na kila timu hupewa zamu tisa. Kwa kawaida mabao huwa mengi. Ikitokea mchezo ukaisha kwa bao moja kwa bila, basi mtu ajue kwamba siku hiyo warushaji walikuwa wafalme.

Lakini mchezo huo nchini Marekani ulikuwa na ukuta katikati yake. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, wenye timu kubwa walikubaliana bila kuandika sheria kwamba mtu mweusi asicheze pamoja nao. Wala tusidanganyike kwamba dhuluma ni lazima iandikwe ndipo ifanye kazi. Weusi wakaunda timu zao na ligi zao. Wakasafiri usiku kucha katika motokaa na mabasi, mara nyingi wakilala humo humo kwa kuwa hoteli nyingi hazikuwapokea, na wakila chakula walichonunua kwa kupitia mlango wa nyuma. Katika ligi hizo Paige aliingia mwaka 1926 akiwa na timu ya Chattanooga, kisha akaenda Birmingham, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 akawa mrushaji wa Pittsburgh Crawfords, timu ya mfanyabiashara Gus Greenlee.

Mwaka 1933 timu kubwa za weupe zilifanya katika mji wa Chicago mchezo wa kwanza wa kombaini mbili za wachezaji bora. Mwaka huo huo Greenlee na wenzake wakaanzisha mchezo wao, kombaini ya Mashariki dhidi ya kombaini ya Magharibi, katika uwanja ule ule wa Comiskey. Wachezaji hawakuchaguliwa na mabwana katika ofisi. Walichaguliwa na wananchi wenyewe, kwa kura zilizochapishwa katika magazeti ya weusi kama Chicago Defender na Pittsburgh Courier. Watu walionyimwa kura za siasa katika majimbo mengi ya kusini waliweza angalau kumpigia kura mrushaji wao.

Mchezo wa pili wa kombaini hizo ulifanyika tarehe 26 Agosti, 1934, na huo ndio tunaotaka msomaji autazame kwa makini. Zaidi ya watu elfu ishirini walijaza viti vya Comiskey. Warushaji wa pande zote mbili walikuwa katika siku yao. Kwa Mashariki alianza kijana mrefu mwembamba aliyeitwa Slim Jones, na kwa Magharibi alianza Ted Trent. Zamu zikapita moja baada ya nyingine, na ubao wa mabao ukabaki mtupu.

Katika zamu ya sita Magharibi wakapata mwanya. Willie Wells aliupiga mpira mbali akafika kituo cha pili, na hakuna mwenzake aliyekuwa ametolewa. Hapo ndipo mwalimu wa Mashariki alipomwita Paige. Wanaojua mchezo wanaelewa uzito wa wakati kama huo: mpira mmoja tu ukipigwa vizuri, bao limeingia. Paige alitembea kwenda katikati ya uwanja kwa mwendo wake wa polepole uliokuwa maarufu, kama mtu anayekwenda sokoni bila haraka. Akamtoa mpigaji wa kwanza bila huyo kuugusa mpira. Wawili waliofuata, Turkey Stearnes na Mule Suttles, walikuwa miongoni mwa wapigaji wa kutisha kuliko wote katika zama zao. Wote wawili waliupiga mpira hewani ukadakwa. Wells alibaki amesimama pale pale kwenye kituo cha pili.

Zamu ya nane ndiyo iliyoleta uamuzi. Mshambuliaji wa Mashariki, Cool Papa Bell, ambaye mbio zake zilikuwa hadithi hata akiwa hai, alipewa njia ya bure kwenda kituo cha kwanza. Akaiba kituo cha pili kwa kasi ya miguu yake. Kisha mwenzake Jud Wilson akaupiga mpira dhaifu, mpira ambao kwa mkimbiaji mwingine usingeleta kitu, na Bell akarudi nyumbani na bao. Paige akaulinda ushindi huo hadi mwisho, akirusha zamu nne bila kuruhusu bao. Mashariki moja, Magharibi bila.

Sasa tulinganishe. Mwezi mmoja na nusu kabla yake, tarehe 10 Julai, 1934, kombaini za weupe zilipambana huko New York. Mrushaji Carl Hubbell akawatoa wapigaji watano mfululizo bila wao kuupiga mpira ukaingia uwanjani, nao walikuwa Babe Ruth, Lou Gehrig, Jimmie Foxx, Al Simmons na Joe Cronin. Lilikuwa tendo kubwa, na hatuna nia ya kulipunguza hata chembe, ijapokuwa upande wa Hubbell ulishindwa siku hiyo kwa mabao 9 kwa 7. Habari zake zikaenea nchi nzima na zikasimuliwa kwa vizazi. Ile kazi ya Chicago ilisimuliwa kwa bidii na magazeti ya weusi, na magazeti mengi makubwa yakaipita kando. Kiangazi kilikuwa kimoja na mchezo ulikuwa mmoja. Kilichotofautiana ni rangi ya mkono tu.

Hapa sisi wa magazeti hatuna budi kujitazama. Tendo lisiloandikwa hufa pamoja na waliolishuhudia. Slim Jones, yule kijana aliyeanza mchezo kwa Mashariki, alifariki mwishoni mwa mwaka 1938 akiwa na miaka 25. Ni wangapi wanaomjua leo? Na tujiulize, katika wilaya zetu na visiwa vyetu, ni akina nani waliofanya mambo makubwa tukayaacha yapite kwa kuwa yalifanyika mbali na makao makuu?

Paige hakukaa akalia. Alirusha popote palipokuwa na mtu wa kumlipa. Mwaka 1935 alicheza Bismarck, mji wa kaskazini wenye baridi kali, katika timu iliyochanganya weusi na weupe, na timu hiyo ikatwaa ubingwa wa mashindano makubwa huko Wichita. Mwaka 1937 alikwenda Jamhuri ya Dominika kuichezea timu ya mji uliobeba jina la dikteta Rafael Trujillo, akarudi na ushindi. Mwaka 1938, akiwa Meksiko, mkono wake uliumia vibaya, na madaktari wakamwambia kwamba kazi yake imekwisha. J. L. Wilkinson, mwenye timu ya Kansas City Monarchs, ndiye aliyemchukua hata hivyo na kumweka katika kikosi cha kusafiri vijijini. Mkono ukapona. Mwaka 1942 Monarchs walitwaa ubingwa wa weusi kwa kushinda michezo minne mfululizo, na katika mmojawapo Paige alimtoa Josh Gibson, mpigaji mkuu kuliko wote wa ligi hizo, huku vituo vyote vitatu vikiwa vimejaa wakimbiaji.

Mwaka 1945 Monarchs walimpokea kijana mmoja aliyeitwa Jackie Robinson. Tarehe 15 Aprili, 1947, kijana huyo alivuka ule ukuta na kuichezea Brooklyn Dodgers. Wengi walifurahi, na Paige naye alifurahi, lakini si siri kwamba moyo wake uliuma. Kwa miaka ishirini yeye ndiye aliyekuwa amethibitisha mbele ya macho ya watu kwamba mweusi anaweza. Mlango ulipofunguliwa akaingia aliyekuwa mgeni. Josh Gibson hakuuona kabisa mlango huo ukifunguka, kwani alikufa mwezi Januari mwaka huo huo, akiwa na miaka 35, miezi mitatu tu kabla yake.

Zamu ya Paige ilifika tarehe 7 Julai, 1948, siku aliyotimiza miaka 42, alipotia saini na timu ya Cleveland iliyokuwa mali ya Bill Veeck. Mhariri wa gazeti moja mashuhuri la michezo aliandika kwamba huo ulikuwa mzaha wa kuvutia watazamaji. Jibu la Paige lilitoka mkononi. Mwezi Agosti mwaka huo, katika michezo mitatu ya kwanza aliyoanza yeye, walikuja watazamaji 72,434, kisha 51,013, kisha 78,382. Jumla yao ni watu 201,829. Mchezo wa pili kati ya hiyo ulikuwa Chicago, katika uwanja ule ule wa Comiskey, miaka kumi na minne baada ya lile bao la Bell, na hakuruhusu bao hata moja. Wa tatu nao uliisha kwa bao moja kwa bila. Cleveland wakawa mabingwa wa dunia mwaka huo, na Paige akawa mrushaji mweusi wa kwanza kurusha katika fainali hizo kuu.

Aliendelea na timu ya St. Louis, akachaguliwa katika kombaini za mwaka 1952 na 1953, akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wamekwisha staafu zamani. Tarehe 25 Septemba, 1965, akiwa na miaka 59, alirusha zamu tatu kwa timu ya Kansas City na kuruhusu pigo moja tu. Mwaka 1968 ilibidi timu ya Atlanta imwandikishe kama mwalimu ili atimize siku zilizohitajika apate kiinua mgongo. Mtu aliyeujaza uwanja kwa maelfu alikuwa akihesabu siku ili asife maskini.

Halafu likaja la mwaka 1971. Wakuu wa mchezo walitangaza kwamba Paige ataingizwa katika Jumba la Mashujaa huko Cooperstown, lakini katika sehemu ya peke yake iliyotengwa kwa ajili ya ligi za weusi. Yaani hata katika heshima alitengewa kona. Watu wengi walipiga kelele, weusi kwa weupe, na wakuu wakalazimika kurudi nyuma. Mwezi Agosti mwaka huo aliingia kwa mlango mmoja na wengine. Mwaka 2020 wakuu hao wakatamka kwamba ligi za weusi za kati ya mwaka 1920 na 1948 zilikuwa ligi kuu sawa na nyingine, na mwaka 2024 hesabu zao zikaingizwa katika vitabu rasmi. Hapo ikaonekana kwamba mpigaji mwenye wastani wa juu kuliko wote katika historia ya mchezo ni Josh Gibson, miaka 77 baada ya kuzikwa.

Kuna watakaosema kwamba mwisho mwema umepatikana, basi yaishe. Sisi hatuoni hivyo. Haki inayomfikia mtu kaburini huwafaa watoto wake na huwafaa wanaojifunza, lakini yeye mwenyewe haimfai. Aliyenyimwa chakula akiwa na njaa hashibi kwa sahani inayowekwa juu ya kaburi lake.

Je, haya yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu sana. Besiboli yenyewe imekwisha bisha hodi. Hapa Tanzania mchezo huu umeanza kufundishwa shuleni tangu mwaka 2012 kwa msaada wa marafiki wa Japani, na mwaka 2018 ulifunguliwa uwanja wake katika Shule ya Sekondari ya Azania, Dar es Salaam. Uganda wametutangulia. Mwaka 2011 timu ya watoto wa Kampala ilishinda nafasi ya kwenda Marekani katika mashindano ya dunia ya watoto, ikanyimwa viza kwa sababu ya dosari katika hati za umri. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walifika huko, na wakaishinda timu ya jimbo la Oregon kwa mabao 3 kwa 2.

Tunawaomba watumishi wa Serikali waisome upya habari hiyo ya mwaka 2011. Ukuta uliowazuia watoto wale haukuwa rangi, ulikuwa karatasi. Paige naye maisha yake yote watu walibishana juu ya umri wake, mpaka cheti chake cha kuzaliwa kilipotafutwa katika mji wa Mobile. Mtoto wa Lyulilo, au wa kisiwa kidogo cha Pemba, asiyeandikishwa anapozaliwa anaweza kuwa na mkono wa dhahabu na bado akasimamishwa mlangoni na karani. Kuandikisha vizazi ni kazi isiyo na makofi wala ngoma, lakini ndiyo inayoweza kuamua nani atavuka na nani atabaki.

La pili ni macho. UMITASHUMTA na UMISSETA zina kazi kubwa na tunazipongeza, lakini michezo hiyo huwaona wale tu waliokwisha fikishwa uwanjani. Nauli ya mtumbwi, kukosekana kwa mwalimu wa michezo, au umbali wa shule, huwaacha wengine nyuma kabla hata ya kuchaguliwa. Afisa anayekwenda kisiwani au ufukweni kwa kazi nyingine hahitaji fungu la bajeti ili kusimama dakika tano na kuwatazama watoto wanaocheza. Edward Byrd hakuwa na bajeti.

La tatu ni kwenu, ndugu zetu wa visiwani na wa kandokando ya maziwa. Msingoje mtu wa mbali aje kuwathibitishia kwamba mnaweza. Weusi wa Chicago walipofungiwa mlango walijenga mchezo wao wenyewe, wakauhesabu wenyewe na kuuandika wenyewe katika magazeti yao. Kama wasingeyaandika mabao yao, mwaka 2024 pasingekuwa na kitu cha kuingiza vitabuni. Basi yaandikeni mashindano yenu ya ngalawa, ya nage na ya mpira, na mtuletee. Nafasi katika ukurasa huu ipo.

Jumamosi ijayo mitumbwi itatoka tena Ikombe, vyungu vitapangwa, na watoto wa Lyulilo watarusha vijiwe vyao. Huenda miongoni mwao yumo mmoja ambaye kijiwe chake hudunda kuliko vya wenzake wote. Tungependa mtu aulize jina lake, na aliandike, angali mtoto.